Zulia la sufu la ndege na mimea: dalili, sababu na la kufanya

Malalamiko mengi ya zulia la sufu huanzia kwenye picha. Shavu jeupe la korongo taji, ngaali wetu, limeingia wekundu. Majani ya mafunjo yamegeuka buluu. Korongo nyangumi ana kipara mgongoni. Mwenye zulia huangalia pale pale ugonjwa unapoonekana, huchukua brashi, na huanza kusugua. Lakini chanzo mara nyingi kiko upande wa chini, kwa hiyo kabla ya maji, sabuni au kumlaumu aliyelifuma, geuza zulia.

Ukiiona picha ile ile nyuma, fundo kwa fundo, zulia lako limefungwa mafundo kwa mkono. Ukiiona picha sawasawa pande zote mbili na hakuna manyoya yaliyosimama, limefumwa bapa, kwa namna ya mkeka. Ukikuta kitambaa kigumu kilichobandikwa na huoni picha, sufu ilichomekwa kwa kifaa cha mkono na kushikwa kwa gundi ya mpira. La mafundo na la bapa huvumilia maji kiasi. La gundi halivumilii, na kosa la kulichukulia kama yale mawili ndilo linaloua mazulia mengi.

Kisha hakikisha ni sufu. Kata nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni nyuma, zishike kwa kibanio juu ya beseni la maji, uziwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika kwa kidole. Pamba huungua kama karatasi. Plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Usifanye jaribio hili juu ya zulia lenyewe.

Kipimo hiki si cha kupoteza muda. Kondoo wengi wa Uganda ni wa nywele, si wa sufu, na mazulia mengi ya sokoni ni ya plastiki, kwa hiyo desturi zetu za kufua zimetoka huko: maji mengi, sabuni ya unga, brashi ngumu, bomba la nguvu pale wanapooshea magari na boda boda, halafu zulia linatupwa juu ya ukuta likauke. Plastiki hustahimili hayo yote. Sufu haistahimili hata moja.

Manyoya yanatoka kila siku

Sababu ya kwanza kwa wingi ni upya. Zulia la sufu lililokatwa manyoya hubaki na vipande vifupi ndani, navyo hutoka polepole kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Fagia kwa ufagio laini kufuata upande manyoya yanakolalia. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, zima au ondoa brashi inayozunguka, maana hiyo hung'oa sufu nzima pamoja na iliyokwisha kukatika.

Ikiwa zulia limepita mwaka na bado linajaza ufagio, kusanya manyoya uyatazame. Vipande vifupi vya urefu tofauti ni dalili ya sufu fupi iliyosokotwa kwa ulegevu. Hiyo haina dawa. Utaishi nayo, au utalihamishia chumba kisichopitwa sana. Nyuzi nzima zinazotoka zikiwa na urefu wa zulia zinaonyesha kwamba kinachozishika nyuma kimeachia. Kwa la gundi, piga nyuma kwa kiganja: poda nyeupe au ya manjano ikimwagika sakafuni, gundi imekauka na kuvunjika. Hapo acha kulifagia kwa nguvu. Fundi anaweza kuvua kitambaa cha nyuma na kupaka gundi upya, lakini gharama yake mara nyingi hukaribia bei ya zulia, na mimi humshauri mtu afanye hivyo kwa zulia analolipenda tu.

Uzi mmoja ukichomoza juu ya wenzake, usiuvute. Ukate kwa mkasi usawa na wengine. Ukiuvuta kwenye zulia la gundi unaweza kutoka na safu nzima ya bawa.

Rangi inachuja na kuingia kwenye rangi nyingine

Picha za ndege zina mtego wake hapa. Korongo taji ana weusi, wekundu na weupe vikiwa vimegusana kichwani, na weupe haufichi kitu. Zulia la maua lingemeza tone la rangi bila mtu kujua. Uso wa ngaali hautalimeza.

Pima kabla ya kuosha chochote. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue, kiweke juu ya rangi moja, kandamiza kwa dakika tano. Anza na nyekundu, nyeusi na buluu iliyokoza, kila moja kwa kitambaa chake. Kikitoka safi, rudia kwa maji yenye sabuni utakayotumia, maana rangi inayotulia kwenye maji matupu huweza kukimbia kwenye sabuni.

Sababu, kuanzia ya kawaida zaidi:

1. Sabuni kali. Rangi nyingi za sufu hushikwa kwa asidi. Sabuni ya mche, sabuni ya unga na magadi vina alkali, na alkali hulegeza ule mshiko. Kuna shorobo mwenye mbawa nyekundu katika misitu yetu, na wekundu wake ni rangi yenye madini ya shaba inayoweza kuyeyuka katika maji yenye alkali. Ndege mwenyewe ana udhaifu ule ule wa picha yake.
2. Maji ya moto au kulowekwa kwa muda mrefu.
3. Rangi ya ziada ambayo mtengenezaji hakuisuuza. Hii huonekana kwenye zulia jipya, hata likisuguliwa kwa kitambaa kikavu.
4. Mkojo wa mtoto au wa paka uliokaa. Ukiwa mbichi huwa na asidi kidogo, lakini ukikaa hugeuka alkali, na rangi iliyoshika miaka yote huachia kwenye doa hilo peke yake.

Kama rangi ndiyo imeanza kukimbia sasa hivi, usiongeze sabuni na usilitundike, kwa sababu likining'inia rangi hushuka na maji hadi kwenye shingo na miguu ya ndege. Lilaze. Kandamiza kwa taulo nyeupe kavu, badilisha taulo, endelea. Maji yenye siki nyeupe, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, husaidia kuituliza rangi ya asidi. Papasa kidogo, usimwage. Washa feni. Kasi ya kukausha ndiyo itakayoamua doa litabaki na ukubwa gani.

Simama hapa: doa la rangi likishakauka kwenye weupe, usijaribu klorini ile ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki. Sufu ni protini kama nywele. Klorini huigeuza manjano kwanza, kisha huila. Doa la rangi fundi anaweza kulipunguza. Sufu iliyoliwa hawezi kuirudisha.

Rangi imepauka, au kijani kimekuwa buluu

Tenganisha manyoya kwa vidole viwili na utazame shina. Shina likiwa limekoza na ncha imepauka, ni jua. Shina na ncha vyote vikiwa vimepauka, ni kemikali au ufuaji. Ikiwa ni mapande mapande na sufu imekuwa kavu inayokatika, shuku klorini, mkojo au dawa ya wadudu iliyomwagika.

Habari ya mafunjo kugeuka buluu inashangaza wengi, nao hudhani wameuziwa feki. Kijani cha rangi za asili hupatikana kwa kuweka manjano na buluu pamoja, na manjano nyingi za mimea huisha juani kabla ya buluu. Ndiyo maana mazulia ya zamani ya Ulaya yaliyotundikwa ukutani yana misitu ya buluu. Aliyelifuma hakukosea, na huwezi kuirudisha manjano nyumbani. Usichore kwa kalamu za rangi; wino wake utakimbia siku ya kwanza ya unyevu na utaharibu hata kilichobaki.

Unaloweza kufanya ni kupunguza mwendo. Tuko Ikweta, jua la asubuhi huingia dirisha la mashariki mwaka mzima na la jioni huingia la magharibi, kwa hiyo hakuna msimu zulia linapumzika. Pazia jepesi lisaidie, na geuza zulia nusu mzunguko kila mvua zinapoanza, za Machi na za Septemba, ili kichwa na mkia vipauke sawa.

Mstari wa rangi tofauti kidogo unaokata zulia zima kwa upana, hasa kwenye kijivu cha korongo nyangumi, ni jambo jingine. Ni sufu ya chungu kimoja cha rangi kuisha na cha pili kuanza. Kama mstari huo ulikuwapo siku ya kununua, si hitilafu. Binafsi naona unampa yule ndege wa kinamasi cha Mabamba uhai ambao kijivu kimoja kisingempa.

Vipara na mashimo

Hapa nenda polepole, kwa sababu kuna wadudu wa aina tatu na dawa si moja kwa wote.

*Nondo wa nguo.* Ndiye wa kawaida zaidi. Yule mdogo wa rangi ya majani makavu unayemwona akiruka ovyo hali kitu. Watoto wake, viwavi weupe, ndio wanaokula sufu. Jike hutaga mayai 40 hadi 50, na kwa joto letu hakuna baridi ya kukatisha uzazi. Hawapendi mwanga. Kwa hiyo kipara hakitakuwa katikati ya sebule, kitakuwa chini ya kochi, chini ya kabati, au kwenye zulia lililokunjwa stoo likisubiri wageni. Tafuta utando mweupe, vifuko vidogo vyenye rangi ile ile ya zulia, na vumbi la chembechembe. Ukiona utando au vifuko hivyo, manyoya yameliwa lakini nyuzi za msingi za pamba zimebaki nzima, kesi imekwisha: ni yeye.

*Mende wa zulia.* Si mende wa jikoni. Ni kidudu cha mviringo cha milimita mbili tatu, na mtoto wake ana vinywele. Huacha maganda makavu ya kahawia, hana utando. Mara nyingi hutokea dirishani au kwenye kiota cha ndege darini, kwa hiyo ukilitibu zulia ukaacha kiota, atarudi.

*Mchwa.* Watu humsahau. Yeye hutafuta pamba na katani, yaani msingi wa zulia na kitambaa cha nyuma, na sufu ya juu huweza kubaki nzuri kabisa mpaka siku unapolinyanyua na picha inakubakia mkononi. Huingia kwa nyufa za sakafu ya saruji kwenye nyumba za chini. Tazama mirija ya udongo nyuma ya zulia na kando ya ukuta. Msimu wa mvua tunawala kumbikumbi kwa furaha huku ndugu zao wako chini ya kochi.

Kwa nondo na mende wa zulia, anza na yaliyo rahisi. Toa zulia nje, liweke kifudifudi, lipige kwa fimbo bapa kutoka nyuma, ligeuze, lisugue kwa brashi laini, na rudia upande wa pili. Saa chache za jua zitawafukuza viwavi, wala usiliache kutwa nzima kwa sababu ulizosoma hapo juu. Fagia kote lilipokuwa, pamoja na nyufa na chini ya makabati, na uchafu utoke nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Rudia kila wiki kwa mwezi, maana mayai hayafagiliki kirahisi. Zulia dogo unaweza kulifunga ndani ya plastiki isiyopitisha hewa na kuliweka kwenye friza ya nyuzi joto −18 kwa wiki mbili. Likitoka, usilifungue mpaka lipate joto la chumba, vinginevyo litalowa.

Vidonge vya naftalini nina neno navyo. Vinafanya kazi ndani ya sanduku lililofungwa, si sebuleni. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi katika nchi zenye malaria, huweza kupasukiwa chembe nyekundu za damu kwa naftalini, na mtoto mchanga ndiye aliye hatarini zaidi. Chumba cha mtoto, usiweke.

Simama hapa: ukikuta mchwa, tatizo ni la nyumba. Ita mtaalamu wa kufukiza wadudu. Usimwagie zulia dawa ya shambani wala ile ya kuoshea ng'ombe kupe. Watoto hutambaa juu yake. Vipara vinavyozidi kiganja, au nyuzi za msingi zikiwa zimekatika, ni kazi ya fundi wa kufuma upya, na kila wiki ya kungoja huongeza bei.

Harufu

Ikinuka kondoo aliyenyeshewa, ni unyevu. Sufu hunyonya maji ya hewani hadi karibu theluthi ya uzito wake bila kukupa hisia ya kulowa, kwa hiyo usitegemee kiganja. Chanzo cha kawaida ni zulia lililooshwa na kurudishwa ndani juu likiwa kavu, chini likiwa bado. Litandaze juu ya viti viwili vitatu hewa ipite chini, kivulini, na feni usiku kucha.

Ikirudi, pima sakafu. Bandika kipande cha plastiki angavu cha nusu mita kwenye saruji, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, subiri saa 24. Matone yakiwa chini ya plastiki, unyevu unapanda kutoka ardhini. Wengi hujibu kwa kutandika turubai chini ya zulia, na ndivyo wanavyolioza: maji hayana pa kutokea. Tumia mkeka, na linyanyue zulia kila wiki. Angalia pia kama sakafu inapakwa nta nyekundu, maana hiyo hupanda nyuma ya zulia na haitoki.

Harufu ya mpira au ya kitu kilichochacha, kwenye zulia la gundi, ni gundi inayooza. Haioshwi ikaisha.

Mkojo mbichi: kandamiza kwa taulo, maji baridi kidogo, kandamiza tena, malizia kwa maji ya siki baada ya kupima rangi. Ulioingia hadi msingi unahitaji kuoshwa kwa kuzamishwa, kazi ya fundi mwenye bwawa la kuoshea mazulia na kikamuzi.

Simama hapa: kunja pembe ya zulia la mafundo taratibu. Ukisikia mlio wa kukatika, pamba ya msingi imeoza na zulia litapasuka likinyanyuliwa likiwa na maji. Na kama lililowa kwa mafuriko, yale ya Bwaise na mitaa mingine ya mabondeni mjini Kampala, ujue hayo maji yamepita vyooni. Vaa glavu, watoto wakae mbali, na zulia la gundi litupwe.

Mawimbi, pembe zilizojikunja, picha iliyopinda

Zulia lililokunjwa kama blanketi wakati wa kusafirishwa ndilo la kwanza kushukiwa. Lizungushe kinyume na mkunjo, liache siku mbili, kisha litandaze na kuweka vitabu kwenye pembe. Pembe huchukua wiki.

Mawimbi yaliyoanza baada ya kuoshwa yana maana kwamba msingi umesinyaa na sufu haikusinyaa, au kinyume chake. La mafundo, fundi hulilowesha kidogo, hulivuta na kulipigilia juu ya mbao mpaka likauke. Usijaribu nyumbani, na la gundi lisijaribiwe na yeyote. Ikiwa sufu yenyewe imeshikana na kuwa ngumu, maji ya moto na msuguano vimeigandamanisha, na hilo halirudi nyuma.

Mguu mmoja wa korongo ukiwa mrefu kuliko mwingine, pima ncha zote mbili za zulia. Tofauti ya sentimita mbili tatu kwa zulia la mita mbili mimi huihesabu kuwa ni mkono wa mfumaji. Zaidi ya hapo, zungumza na aliyekuuzia kabla hujaliosha hata mara moja, kwa sababu ukishaliosha hana tena sababu ya kukusikiliza.

Ndege anayeonekana mweusi ukiwa mlangoni na mweupe ukiwa dirishani hana tatizo lolote. Manyoya yamelala upande mmoja na mwanga hugonga ubavu au ncha.

Matamvua yanafumuka

Kwa zulia la mafundo au la bapa, matamvua si pambo la kushonea. Ni ncha za nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu na kushika zulia zima, kwa hiyo usiyakate hata yakichakaa. Yakilegea, funga fundo upya au pitisha uzi mzito wa pamba ukingoni kwa mishono ya kuzungushia. Lakini mara unapoona safu ya kwanza ya mafundo ya sufu imeanza kuteleza, acha sindano, funga ukingo kwa kitambaa na pini, na umtumie fundi picha mbili, moja ya juu na moja ya nyuma. Ya nyuma ndiyo atakayoiangalia ili akutajie bei.